Nyamazeni, Tunarekodi Kelele

Nyumbani kwangu Kihesa, Iringa, siku hizi ni marufuku kupiga kelele, kwa sababu mpwa wangu anarekodi kelele. Ukifunga mlango kwa nguvu, "mjomba, umeniharibia." Ukikohoa, umemharibia. Mke wangu akipepeta maharage anaombwa asimame, halafu anaombwa aendelee, lakini "kawaida tu, anti, usijali mimi," utadhani kuna binadamu anayeweza kupepeta maharage kawaida huku maiki yenye manyoya, mithili ya paka aliyenyeshewa, imesogezwa mpaka puani.

Kijana alikwenda Dar kusomea kompyuta. Tulitegemea arudi na kazi, karudi na kinasa sauti. Anachofanya, anasema, ni muziki wa kielektroniki wa majaribio. Anaokota sauti za mtaani, anaziingiza kwenye kompyuta, anazivuta, anazigeuza nyuma mbele, anazirundika moja juu ya nyingine mpaka mashine ya kusaga ya jirani inaanza kulia kwa huzuni. Ngoma hakuna, kiitikio hakuna. Nikamuuliza, sasa mtu anaucheza vipi? Akanijibu kwa upole unaotumiwa kwa wazee na wagonjwa: "Huu hauchezwi, mjomba. Unaukalia na kuusikiliza."

Nikilalamika ananitajia KMRU. Huyu ni Mkenya, Joseph Kamaru, aliyerithi jina la babu yake, yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018. Babu aliimba watu wakainuka. Mjukuu akabeba kinasa sauti, akatega sikio Nairobi, na 2020 albamu yake ya Peel ikatolewa na lebo ya Editions Mego. Leo anaishi Berlin na anaitwa kwenye kumbi za maana. Nimeisikiliza hiyo albamu. Nilisubiri wimbo uanze, nikaja kugutuka umeisha, nimelala vizuri kuliko nilivyolala tangu vijana wa bodaboda wahamie kijiweni hapo kona. Kwa hilo namshukuru.

Wala msidhani ni mambo ya vijana wa juzi. Mwaka 1944 huko Cairo, Halim El-Dabh aliazima mashine iliyonasa sauti kwenye waya, akaenda kuwarekodi wanawake kwenye ngoma ya kupunga pepo, halafu akaichezea ile sauti studio mpaka ikabaki karibu mwangwi tu. Miaka 4 baadaye Pierre Schaeffer akarekodi magarimoshi Paris, akayakatakata, na sifa zikaenda Ufaransa. Hapo tu ndipo mimi na mpwa wangu tunakasirika pamoja.

Hata Uhehe kwenyewe tumesharekodiwa. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, akanasa nyimbo za Wahehe na ligombo lao, ala ya nyuzi, na leo sauti zile zinatunzwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Bwana yule alitembea na jenereta ya kuendeshea mashine, na ilibidi aiegeshe mbali, avute waya mrefu, ili muungurumo wake usiingie kwenye nyimbo. Mpwa wangu yeye umeme ukikatika anatoka mbio na maiki kuifuata jenereta ya duka la vifaa vya ujenzi, na wanaoimba karibu anawaomba wanyamaze.

Juzi kapanda Gangilonga. Jiwe linaloongea, ndivyo tunavyoliita, na wazee wanasema chifu wetu Mkwawa alikuwa akienda kukaa pale kutafakari. Kijana karudi na upepo. Upepo mtupu, Iringa hii ambayo upepo unaingia mpaka kwenye chai. Kabla ya hapo alikuwa mlimani Kitonga kurekodi malori yanayoshuka kwa gia nzito huku breki zikitoa pumzi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula cha njiani. Malori yale yale yanapita Ipogoro hapa mjini bure, usiku kucha.

Lakini kinachoniuma hasa si nauli. Kinachoniuma ni yule muuza dawa ya panya. Mnamjua, kila mji wa Tanzania anaye. Ana baiskeli, ana kipaza sauti, na sauti aliyoirekodi mwenyewe siku moja alipokuwa na mafua: panya, mende, kunguni, viroboto, panya, mende, kunguni. Inajirudia asubuhi hadi jioni. Betri ikianza kufa sauti inazama taratibu, kunguni wanakuwa wazito, mende wanarefuka, na pale stendi inagongana na kondakta, kengele ya kanisa na mtu wa vocha mwenye kipaza sauti chake. Mpwa wangu aliposikia alisimama barabarani kafumba macho, bajaji ikampigia honi, akafurahi na honi pia. Amesema ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kukutana nazo Iringa.

Sasa nauliza. Huyu mzee ameitoa hiyo kazi mtaani kwetu kwa miaka, na malipo yake ni matusi, mengine yangu. Akichukuliwa akapelekwa Ulaya kwenye chumba chenye giza, watu watakata tiketi, watazima simu, watakaa wamekunja nne wakiwaza. Tena hawatanunua dawa! Angalau singeli ya Mburahati, nayo kelele, lakini inakimbia, mtu anatoka jasho, na kijana anayeipiga kwenye sherehe anakula pilau.

Nilimweleza haya yote. Akasema nimeanza kuelewa sanaa. Mke wangu akacheka mpaka ikabidi arekodiwe.

Wiki hii zamu imerudi kwenye mashine ya kusaga. Kijana alishasimika maiki, wateja wakaja wengi wakipiga soga, kazi ikaharibika. Jioni akarudi kumwomba mwenye mashine aiwashe peke yake, tupu, bila mahindi, asikike mkanda na injini tu. Yule bwana alifikiri kidogo, akafuta unga usoni, akasema hana shida, ila bei ni ile ile ya debe, yawemo mahindi yasiwemo. Akataka pesa mbele. Kijana akageuka kuniangalia mimi.