Madebe Mawili ya Besi

Ugomvi wa mke wangu haukuwa na muziki. Ulikuwa na buti. Gari letu ni Toyota IST, na buti lake hubeba gunia moja la mahindi na mfuko wa nyanya, basi. Mahindi hayo huja kila mavuno kutoka shambani kwa kaka yake, na sehemu yake anaiuza kwa sado barazani kwetu, Mbagala. Kwa hiyo nilipotangaza wakati wa chakula cha usiku kwamba nataka kuweka sabufa ya inchi 12 nyuma ya gari, hakuuliza bei.

“Na gunia likae wapi?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo, nikaamua kujibu yale niliyojiandaa nayo. Nikamwambia nitachukua boksi la kuziba, si la tundu. Kila nyumba yenye sabufa sebuleni inalijua lile tundu la ubavuni, ambalo watoto huficha penseli na vifuniko vya soda. Tundu lile si pambo. Hewa iliyomo hutikisika kwa mdundo wake na kuiongezea besi nguvu pale pale ulipopangwa, lakini ukishuka chini ya hapo sauti inaanguka ghafla, desibeli 24 kila mitetemo inapopungua kwa nusu, na koni inabaki kurukaruka bila wa kuishika. Boksi la kuziba halina pa kupumulia. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi: koni ikienda mbele inavutwa, ikirudi nyuma inasukumwa. Sauti yake hushuka taratibu, desibeli 12 tu kwa hatua hiyo hiyo.

“Na utamu wenyewe,” nikaendelea, ugali ukiwa umeanza kupoa, “ni kwamba gari dogo linarudisha kile kilichopungua.” Wimbi la besi ya hezi 40 lina urefu wa mita nane na nusu hivi, na IST haifiki mita nne. Wimbi haliwezi kunyooka humo. Chini ya kama hezi 70 hewa yote ya ndani ya gari inabanwa na kuachiwa kwa pamoja, na kadiri unavyoshuka ndivyo sauti inavyopanda. Kinadharia inapanda kwa desibeli hizo hizo 12. Boksi linapunguza, gari linaongeza, hesabu inakutana katikati.

“Nimekuelewa,” mke wangu akasema. “Gunia likae wapi?”

Kariakoo sikupata wa kunielewa pia. Maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka darini, yamevalishwa zulia jeusi, na kila nililoligonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti, lilijibu kwa sauti ya karatasi. Nikauliza, hili lina lita ngapi? Muuzaji akasema ni la inchi 12. Nikauliza, na lile? Akasema na lile la inchi 12. Moja lilikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Ndivyo yanavyouzwa, kwa ukubwa wa mdomo, kama vile ungenunua sufuria kwa kupima mfuniko. Akanishauri kiungwana: “Bosi, chukua la tundu, linapiga mtaa mzima.” Mtaa mzima sikuuhitaji. Nilitaka gitaa la besi la Mlimani Park, Sikinde yenyewe, nisikie kila noti ikianza na kila noti ikikoma. Waya wa chini kabisa wa gitaa hilo hutoa hezi 41. Boksi la ovyo huugeuza ule mwendo wote kuwa mngurumo mmoja wa lori linalopanda kilima.

Nikanunua spika peke yake, na karatasi yake ya vipimo nikaikunja kwenye mfuko wa shati kama hirizi. Namba zenyewe ni tatu tu. Mdundo wa asili wa koni, hezi 28. Kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na ule wa koni, lita 60. Na ile inayoandikwa Qts, inayoeleza jinsi koni inavyojizuia yenyewe isiendelee kucheza baada ya noti kwisha, 0.45. Hesabu za kuoanisha namba hizi na boksi zimekuwepo tangu Neville Thiele, Mwaustralia, na baada yake Richard Small, walipoziweka sawa katika miaka ya 1960 na 1970. Boksi la kuziba lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walifungua kampuni huko Cambridge, Massachusetts, wakatoa spika ya AR-1, boksi dogo lililotegemea hewa kama springi, wakati ambapo besi ya maana ilidai kabati la ukubwa wa jokofu. Nilikaa na kalamu mpaka saa tano usiku. Kwa kulenga ile namba ya tatu ipande hadi 0.707 spika ikishakuwa ndani ya boksi, ambapo sauti inanyooka bila kuvimba, jibu lilikuwa lita 41, mdundo wa boksi hezi 44. Nikagawa: sentimita 50 kwa 34 kwa 24. Nikalala kama mtu aliyefaulu mtihani.

Fundi seremala wa Keko alipokea vipimo kwa simu. Nilimwambia mbao za MDF za milimita 18, gundi kila kiungo, skrubu kila sentimita kumi na tano, na ubao mmoja wa kukaza katikati ya mgongo ili ukuta usitetemeke. Akauliza swali moja tu.

“Hivyo vipimo vya nje au vya ndani?”

Nilikuwa navuka barabara. Nikajibu, “Hivyo hivyo, fundi.”

Boksi lilikuja Jumamosi, zito, limesuguliwa msasa mpaka linateleza. Nikaligonga, kimya kama jiwe. Nikaliweka barazani, tundu la spika likitazama juu, nikamweleza mke wangu kwamba humo ndani mna lita 41 kamili za hewa. Akaliangalia. Ni mtu ambaye miaka kumi na minne amepima nafaka kwa macho kabla ya kuipima kwa chombo.

“Lita arobaini na moja ni debe mbili,” akasema. “Debe mbili haziingii humo.”

Nikacheka. Nikamwonyesha karatasi. Akaingia ndani, akatoka na debe la mahindi, akalikata kwa bapa la mkono bila kilele, akamimina. Akaja na sado, moja, ya pili. Mahindi yakafika ukingoni. Akaongeza kopo la lita moja na halikuisha. Debe moja, sado mbili na ushei: lita ishirini na tisa kasoro. Jirani aliyekuja kununua mahindi aliweka mfuko chini ili aone vizuri.

Mbao za milimita 18 zilikuwa zimekula sentimita 3.6 kila upande, urefu, upana na kina, na kwa jumla zimekunywa lita 12. Ukitoa na lita mbili hivi za sumaku na mwili wa spika yenyewe, nilibaki na 27. Fundi hakukosea hata milimita moja. Aliuliza.

“Debe tupu,” mke wangu akasema huku akichota mahindi yake kwa kikombe, na methali akaiacha hapo hapo, tunaijua sote.

Usiku nikarudi kwenye kalamu. Kwa lita 27 ile 0.707 ilikuwa imepanda kuwa 0.81, na hezi 44 kuwa 50. Si msiba. Wapo wanaoitafuta kwa makusudi kwa sababu inaipa besi kifua kidogo, na magari mengi yanayotikisa vioo pale Buguruni yana maboksi mabaya zaidi ya hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema maneno mengi juu ya ugali uliopoa. Kulikuwa na dawa moja. Hewa ikibanwa hupata joto, na joto hilo huifanya iwe ngumu zaidi. Ukiweka nyuzi laini ndani, nyuzi zinalipokea joto, hewa inabaki laini, na koni inadanganyika kwamba boksi limepanuka, pengine asilimia kumi, pengine ishirini. Nyuzi zenyewe ni zile zile zinazojazwa kwenye mito.

Tuna mito miwili ya wageni. Nilitoa nusu kwa kila mmoja, ili wizi ugawanyike, nikaishona kwa mkono wangu. Sitaki kuzungumzia ushonaji huo.

Kufunga vyombo garini kulikuwa kazi ya asubuhi moja. Niseme tu kwamba fyuzi ya waya mkubwa inakaa jirani na betri, si jirani na emplifaya, kwa sababu kinacholindwa ni gari lisiungue waya ukichubuka njiani. Nikawasha. Besi ikaingia, fupi, kavu, yenye mwanzo na mwisho. Na nyuma yake ikaingia sauti nyingine: krrr.

Wiki mbili nilikimbizana na krrr. Nilishuku kibao cha namba, nikakibana kwa mpira. Nilishuku mlango wa nyuma, nikamwambia mtoto aketi juu ya buti huku nimewasha redio, mpaka mama yake akatokea. Kisha nikashuku kwamba boksi linavuja. Boksi la kuziba lenye ufa ni uongo mtupu, linapiga miluzi na koni inapoteza springi yake. Ukiisukuma koni polepole kwa viganja na kuiachia, inatakiwa irudi kwa uvivu. Yangu ilirudi haraka mno. Nikaazima chetezo cha mke wangu na kipande cha udi, nikapitisha moshi kwenye viungo vyote huku besi ikipiga. Viungo vya fundi wa Keko vilikuwa salama, moshi ulipita umenyooka. Pale nilipotoboa mwenyewe kupitisha waya, moshi ulicheza kama uko ngomani. Nikaziba kwa silikoni. Gari likanukia harusi kwa siku tatu, na majirani wakaniuliza nani anaoa. Koni ikapata uvivu wake.

Krrr ikabaki.

Ilikuwa Jumapili nilipofungua skrubu nane, nikaitoa spika, nikazitoa nyuzi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Nikaliinamisha boksi. Kutoka nyuma ya ule ubao wa kukaza ziliporomoka punje za mahindi, moja tayari imeshatobolewa na dumuzi. Akaziokota. Zilikuwa tisa. Akazitia zote kwenye gunia isipokuwa ile ya dumuzi, ambayo alinikabidhi mimi.

Gunia, nisisahau, siku hizi husafiri kiti cha nyuma limefungwa mkanda.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga mwezi uliofuata. Nilimpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, akiwa na gunia la machungwa ya Muheza. Nikafungua buti, nikalifunga tena upesi, lakini alikuwa ameshaona. Hakusema neno. Alisafiri hadi Mbagala akiwa amebanana na machungwa yake kiti cha nyuma, miguu juu ya kapu.

Alikaa siku tano. Asubuhi ya pili, chai ikiwa mezani, akasema bila kumtazama mtu, “Mito yenu imekonda.” Mke wangu akaendelea kupaka siagi mkate. Nami nikakumbuka kwamba sijakagua maji ya rejeta.

Siku ya kumrudisha stendi alikaa mbele. Tulipofika Tabata foleni ikasimama, nikaweka Sikinde, sauti ya wastani, na gitaa la besi likaingia likitembea, noti kwa noti, kama mtu anayehesabu ngazi za nyumba anayoijua. Mama mkwe aliacha kujipepea. Akasikiliza wimbo mzima, kidole kikigonga pochi.

“Hii sauti nene,” akaniuliza, “mwanangu, inatoka wapi?”

Nikafungua mdomo nianze na hewa iliyofungiwa. Mke wangu akaniwahi kutoka nyuma.

“Kwenye mto wako, mama.”