Jinsi ya Kufika Sale Mkiwa na Njaa

Msafara wa kutoka Karatu kwenda Sale unaweza kuishiwa chakula bila taabu yoyote, ilmradi mipango ianze mapema. Undeni kundi la WhatsApp. Wa kwanza aandike, "Chumvi juu yangu." Wengine wawili nao waahidi chumvi, maana ujumbe wa juu hausomwi. Mkaa usitajwe kabisa. Kila mmoja aamini kuna mwenzake ameshanunua. Uweka hazina apewe yule ambaye mchango wake bado "uko njiani".

Siku ya kupakia, nyanya ziwe chini, gunia la mchele juu yake, na juu ya mchele akae mjomba mwenye mwili wake. Mkishapita Mto wa Mbu, barabara ya Selela na Engaruka itamalizia kazi. Hadi Ngaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, rojo litakuwa tayari, limekolea mchele mbichi na vumbi. Dumu la mafuta lizibwe kwa kipande cha nailoni, lilazwe ubavuni mwa unga. Maji ni mazito, msihangaike nayo. Ziwa Natron si liko hapo kando? Limejaa magadi makali, lakini maji ni maji.

Kwenye kugawa, chagueni mtu muungwana, yule anayejipakulia mwisho. Minofu atakuwa ameshaifukia chini ya wali wake zamani.

Waliotangulia msiwaulize. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, katika tarafa hiyohiyo ya Sale, kunywa kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu. Foleni ya magari ndiyo iliyokuwa ya kilomita kwa kilomita, watu wakilala njiani siku kadhaa, na aliyepiga hesabu ya nauli na kikombe pekee, tumbo lilimkumbusha alichosahau.

Kilele cha ufundi ni viazi vitamu. Beba kiroba kizima kutoka Karatu, kipandishe ukingo wa Bonde la Ufa, kiteremshe Digodigo, ambako Wasonjo wanamwagilia mashamba kwa mifereji yao ya jadi, na viazi vitamu ni miongoni mwa mazao yao. Mama mwenye shamba atakupokea vizuri tu, kisha aulize kwa upole kama umewaletea mbegu.

Jamani, viazi nunueni kulekule. Nafasi ya kiroba wekeni madumu ya maji.