Hema la Kulipia

Wazo lilikuwa la mke wangu: likizo imefika, na watoto wa huku Butembo, Kongo, wanamjua simba kwa televisheni tu. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, tumepakana nayo. Lakini tangu mauaji ya raia yaanze Beni, jirani na mbuga, Oktoba 2014, nani upande wetu apeleke watoto huko matembezi? Ikaamuliwa Entebbe, Uganda, kwenye bustani ya wanyama iliyoanza 1952 kama makao ya wanyama yatima. Tena tulale humo humo, hemani.

Beni tukampitia mama mkwe. Akatoka na kapu: bugali wa muhogo, sombe (kisamvu), makayabu (samaki wa chumvi) na jibini ya Masereka.

"Mama, Uganda kuna chakula."

"Nimesikia," akajibu, akalipakata hadi mpakani Kasindi. Ng'ambo, Mpondwe, mkaguzi alilifungua, makayabu yakampokea, akalifunga upesi.

Entebbe watoto walishangilia simba, faru weupe na korongo nyangumi. Mama mkwe akamuulizia okapi. Hayupo, porini anaishi Kongo peke yake. "Mkwe wangu, tumetoka kwa wenye okapi kuja kutembelea wasio naye?" Nikamkumbusha kituo cha okapi cha Epulu, kule Ituri, ambako waasi waliua okapi 14 mwaka 2012. Akanyamaza kidogo.

Jioni akalizunguka hema letu.

"Hili mmelilipia?"

"Ndiyo, mama."

"Pesa taslimu?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Alipokimbia vita alilala chini ya turubai miezi mingi, hakudaiwa hata faranga. Kisha akalikagua: kamba zimelegea, mlango umeelekea upepo, mfereji hakuna. Akatwaa mwiko wa bugali, akapiga magoti, akachimba mfereji kulizunguka na kuufungulia njia mteremkoni. Mke wangu alitamani ardhi immeze, maana majirani wa mahema walikuwa wakitazama.

Usiku mvua ikashuka kutoka ziwani. Kwetu ilipita mferejini. Kwa majirani iliingia bila hodi, magodoro yakaloa chapa. Hasara yetu ilikuwa kapu lililosahauliwa nje: tumbili walilifungua alfajiri, wakala jibini yote, makayabu wakayaacha.

Asubuhi majirani walikuja mmoja mmoja kuomba fundi. Mama mkwe aliwachimbia wote, na kila aliyeuliza bei alitajiwa dola. Chai ilipoiva, kodi ya hema ilikuwa imerudi, na pesa ya jibini juu yake.