Namna ya Kumpata Kaaya Mmoja Nkoaranga

Ukiamua kuandika historia ya ukoo wako, na asili yako ni Nkoaranga, anza kwa kuliweka kando jina la ukoo. Miongozo ya mtandaoni inakuambia uandike jina la mwisho, ubonyeze, usubiri mababu wajitokeze. Huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha, jina la mwisho ni mali ya maelfu: Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nanyaro, Akyoo, Sarakikya, Nnko. Ita “Kaaya!” siku ya soko pale Tengeru uone shingo zitakavyogeuka. Shika jina la mtu mwenyewe, la baba yake na la babu yake. Kisha tafuta jina la mama, ambalo karatasi nyingi haziliandiki.

Zana zako ni kaunta buku, penseli, simu yenye chaji, na sukari kilo mbili pamoja na majani ya chai. Sukari ni zana kamili. Hakuna bibi wa kuhojiwa na mjukuu aliyekuja mikono mitupu, tena mwenye haraka ya kuwahi gari la Usa River.

Ukishakaribishwa, usimuulize bibi alizaliwa mwaka gani. Muulize nani alimpokea alipoolewa, kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilipakana na cha nani, na nani amezikwa kwenye ile migomba ya juu. Miaka utaitafuta mwenyewe baadaye. Mtu aliyesimuliwa kwamba baba yake alikuwa mchanga mlima ulipotoa majivu, baba huyo mwandikie 1910, maana ndiyo mara ya mwisho Mlima Meru kulipuka, ingawa kidogo tu. Ukitajiwa rika, Seuri au Makaa, liandike pia: rika halikupi tarehe, lakini linakuonyesha nani hawezi kuwa baba wa nani.

Wazee wa kiume watakupa mstari ulionyooka wa baba na mwana, mpaka kwa yule wa kwanza aliyefika mlimani. Wapo wanaosimulia kwamba alitoka Usambara, ilhali Kimeru kinasikika kama ndugu wa Kimachame cha Kilimanjaro. Andika yote mawili wala usiwe hakimu. Hata hivyo mimi nawategemea zaidi akina bibi. Mwanamke aliyekuja kwa ndoa anabeba koo mbili kichwani, na ndiye anayekumbuka watoto waliofariki wadogo, mke wa kwanza aliyerudi kwao, na kijana aliyekwenda mashamba ya mkonge asionekane tena.

Usikose msiba. Kwenye mazishi husomwa historia ya marehemu: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto. Omba nakala, na zile za miaka ya nyuma zitafute kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na stakabadhi za kodi na kadi za ushirika wa kahawa. Amini tarehe ya kipaimara, kwa kuwa kwa kawaida imenakiliwa kutoka kwenye cheti. Mwaka wa kuzaliwa mara nyingi umekadiriwa usiku wa kuamkia mazishi na watu waliochoka.

Kanisani nenda na barua, na uvumilivu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walijenga kituo Nkoaranga mwaka 1902. Wenzao wawili wa kwanza, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuwa wameuawa Akeri Oktoba 1896, na Wajerumani wakaja kulipiza kisasi kwa bunduki. Ukoo wako ukiwa na pengo la wanaume wa kizazi hicho, anza kuuliza hapo. Katika kitabu cha ubatizo usinakili jina la mtoto peke yake. Nakili na wasimamizi, maana mara nyingi ni shangazi na wajomba.

Na kama nusu ya ukoo inaishi Kingori na hakuna anayeeleza kwa nini, soma kesi ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwafukuza takriban watu 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, ikawataka wahamie Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alikwenda New York kulisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Muulize kila mzee wako alikuwa wapi watu walipofukuzwa. Hata asiyejua umri wake atakujibu.

Sasa ndipo ufungue intaneti. Picha za zamani za misheni ya Leipzig, za Nkoaranga zikiwemo, zimewekwa wazi na Chuo Kikuu cha Southern California. Unapotafuta, kumbuka tahajia ya Kijerumani: Arusha iliandikwa Aruscha, Moshi ikawa Moschi, na y yetu huandikwa j, kwa hiyo jaribu pia Nanjaro na Kaja. Barua za wamisionari zilizoandikwa kwa mkono waachie wataalamu, maana hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi mwandiko ule. Kupanga majina, programu ya Gramps ni ya bure na haihitaji mtandao.

Desemba, watu wakisharudi kutoka Dar es Salaam, peleka kazi kwenye kikao cha ukoo uisome kwa sauti. Utakatizwa, ndilo lengo. Kurasa za kushoto ziwe tupu, za kuandikia mabinti walioolewa Machame na Ngaramtoni, ambao hakuna atakayewataja mpaka shangazi mmoja asimame na kudai waandikwe, na watoto wao.