Sifa za Mkoba Usiofungika

Washairi wameisifu bahari, wameusifu na mwezi kumi na nne. Mkoba ule uliokataa zipu, unaotoka Kinondo kila asubuhi kwenda Ukunda, haujapata hata ubeti mmoja. Nitausifu mimi, kwa nathari, maana vina havinijii.

Wako watu wa mpango. Hukaa kitandani alfajiri wakapima: simu, kitambulisho, funguo, basi. Utawatambua kwa maombi yao. "Dada, una pini?" Masika yakimwagika, wanajua leso ya ziada iko kwa nani. Mtoto akitapika ndani ya matatu hawamtazami mama yake, wanautazama mkoba wako. Wepesi wao tunaubeba sisi.

Mwenye mkoba wa haki haamui. Kuamua ni kujidai unaijua siku itakavyokuwa, na hayo ni ya Mungu. Basi huingia leso, ikafuatwa na nyingine, panadol, iliki, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa yuko sekondari. Chini kabisa, juu ya mchanga wa Galu ambao hakuna aliyeualika, imelala noti ya elfu ya zamani. Benki Kuu ya Kenya iliifuta tarehe 30 Septemba 2019, ila mkobani habari hazijafika. Kando yake liko juala jeusi lililokunjwa pembetatu. Majuala ya plastiki yamepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake hufika shilingi milioni 4. Ni nani mwingine kijijini anayekwenda sokoni na kitu cha milioni nne, kisha akakopa nyanya?

Msitu wa Kaya Kinondo ulitangazwa turathi ya kitaifa mwaka 1992, na mwaka 2008 ukaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, na sheria ya wazee ni kwamba hatoki na kitu, hata kijiti kikavu. Sijaona anayeitii sheria hiyo kuushinda mkoba. Kilichoingia hakitoki, hasa funguo, na hasa mkiwa mlangoni gizani na mbu wamekwisha jua mmefika.

M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, pesa zikahamia simuni, ungetaraji mkoba upungue. Haukupungua. Palipokuwa na pochi pameingia chaja, na chaja ya akiba, na waya wa simu iliyokwisha uzwa.

Wapinzani husema unaharibu bega. Ni kweli, langu la kushoto limeshuka. Lakini mtu wa maana Ukunda hutambulika hata akikupa mgongo. Na mwizi? Huyo namhurumia. Mkoba mwembamba ataupekua akikimbia. Huu itabidi atafute kivuli, akae, auchambue kwa utulivu, na katikati ya kazi hiyo atakuta dawa ya kichwa ambayo kwa wakati huo ataihitaji.

Kijana wa bodaboda, akiuona, huuliza kama huyo ni abiria wa pili. Mjibu ndiyo, na nauli yake imo humo humo, atie mkono atafute.