Siku Ubuyu Ulipofura

Ubuyu hauliwi kwa siri. Mtoto anaweza kunawa mikono na kusukutua mdomo, lakini ulimi mwekundu utamtaja tu, na kola ya shati la shule itatoa ushahidi uliobaki. Ndivyo tulivyojua, nyumbani kwetu Tanga, kwamba wanangu wawili wakubwa wanarudi kwa miguu kila siku, na nauli yao inaishia kwenye meza ya ubuyu nje ya geti la shule.

Sina ugomvi na ubuyu. Nimekua nao, na ule unga mweupe mchachu unaofunika mbegu una vitamini C, ingawa moto wa jikoni huipunguza. Kilichonikera ni rangi. Kifuko nilichokikuta kwenye begi la mwanangu hakikuwa na jina, wala tarehe, wala neno lolote. Kilikuwa nailoni tupu iliyofungwa mdomo kwa moto wa mshumaa. Huko Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2010, chakula chenye mojawapo ya rangi sita za viwandani, ikiwemo nyekundu inayoandikwa E124, lazima kibebe onyo kwamba rangi hiyo inaweza kuathiri utulivu na usikivu wa mtoto. Sheria hiyo ilifuatia utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliotoka mwaka 2007. Sisemi kwamba kila kifuko cha ubuyu kina rangi hizo. Nasema mzazi wa kule ana maandishi ya kusoma kabla hajanunua, na mimi nilikuwa na nailoni mkononi.

Mama mkwe, tunayeishi naye, alinisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele. “Mwanangu, hilo ndilo la kukukosesha raha? Mkaa upo, sufuria ipo. Watoto wanataka kitamu, tuwapikie kitamu.”

Mume wangu akaunga mkono na kuweka sharti lake: sukari isiguswe kabisa. Jioni akarudi na chupa ya asali ya Handeni, nyeusi, yenye harufu ya moshi wa mrinaji, akasema kashata zote za nyumba hii zitapikwa kwa asali. Mama mkwe aliitazama ile chupa akanyamaza. Kisha akatoa amri moja tu: kitindamimba wetu, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka na ambaye kaka zake humlambisha kila kinachopita jikoni, asionjeshwe hata kidole. Kliniki walishatueleza sababu. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria wanaoleta ugonjwa wa botulizimu. Utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haujaweza kupambana nazo, na moto wa kawaida wa jikoni hauziui.

Tukapika. Kifungua mimba alikalia mbuzi akakuna nazi, mdogo wake akatwanga iliki za Amani, baba yao akasimamia mwiko mwenyewe. Harufu ilikuwa ya kumtoa mtu usingizini. Mchanganyiko ukamiminwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, ukasawazishwa, ukachorwa mistari ya kukatia. Ilikuwa masika, mvua haijakatika tangu alfajiri. Usiku ile mistari ikajifuta. Asubuhi kashata yote ilikuwa imehamia upande mmoja wa sinia, juu imetoa maji, na sisimizi wameshapanga safu kutoka dirishani hadi mezani.

Mama mkwe akaibonyeza kwa mgongo wa kijiko. “Hii haigandi hata tukiisomea.” Asali kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, na fruktosi hushika maji, kwenye hewa ya Tanga wakati wa mvua itayavuta mpaka ilegee. Tuliila na chapati siku hiyo na siku iliyofuata, na mume wangu alikula zaidi ya wote.

Baada ya hapo mama mkwe akashika usukani. Alitaka sukari guru, akaivunjavunja, akaitia maji kidogo na kuichemsha taratibu. Kipimo chake ni kikombe cha maji baridi pembeni ya jiko. Unadondosha tone la shira: likiyeyuka, bado, likikusanyika ukaweza kulifinyanga kwa vidole kuwa kidonge laini, shira imefika, tia nazi. Wenye vipimajoto huita hapo nyuzi 115 hivi. Kashata zile zilikauka kwenye mvua ileile, zikakatika kwa kisu bila kuburutika.

Lakini nataka nilinene hili waziwazi, kwa sababu nimesikia wengi wakijiliwaza kwa neno “asili”. Sukari guru ni sukari. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya mtu kwa siku, na ikiwezekana zishuke chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mtoto anastahili chini ya hapo. Kwa hiyo kashata zetu hukatwa ndogo na huliwa baada ya chakula, kisha mswaki. Faida tuliyoipata ni kujua kilichomo na kushika kiasi kwa mikono yetu, na kwangu hiyo inatosha sana.

Ukabaki ubuyu, maana wanangu hawakukubali kashata iwe badala yake.

Rangi tuliichagua rosela, ile kavu ya Soko la Mgandini. Inachemshwa kwa maji machache, inachujwa, na hutoa wekundu mzito ambao hauhitaji kuongezwa kitu. Wifi yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Korogwe, akajifunga kanga kutusaidia. Shira ikafika, maji ya rosela yakaingia, ubuyu ukamwagwa, iliki, chumvi, pilipili manga. Mama mkwe akaenda kusali alasiri. Mimi nikaingia ndani kumnyonyesha mtoto.

Wifi akaonja. Ubuyu ni mchachu, rosela ni chachu, na viwili hivyo pamoja vilimkaza taya. Akawaonea huruma watoto. Kwao nyanya zikiwa kali hutiwa magadi kidogo, ukali ukatulia. Akachukua kijiko cha chai, akatia magadi, akakoroga.

Sufuria ikapumua. Povu likapanda kwa mkupuo, likafika ukingoni, likajimwaga pande zote. Mkaa ukalia na kuzimika, na moshi wa sukari iliyoungua ukajaa uani. “Bibi! Bibi! Ubuyu unafura!” Nilipotoka na mtoto begani, lile povu lilikuwa linabadilika rangi mbele ya macho yetu: jekundu, kisha zambarau, kisha kijivu cha majivu. Wifi alikuwa amekamata sufuria kwa pindo la kanga kuiokoa, na shira ikamrukia kifundo cha mkono.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe akikimbia. Alikuja na shungi lake la sala, akamvuta binti yake hadi bombani, akaufungua mkono ule chini ya maji na kuushikilia. Jirani alishapita mlangoni na dawa ya meno, nyuma yake mwingine na yai. “Ahsanteni, wanangu, wekeni pale. Maji kwanza.” Zikapita dakika 20 kamili, wifi analalamika kwamba mkono umekufa ganzi, mama yake hamwachii. Shira ni hatari kuliko maji ya moto: ina joto kubwa zaidi, na hunata penye ngozi ikaendelea kuunguza. Dawa ya meno na yai vingelifungia joto humo ndani na kuongeza uchafu juu ya kidonda. Lengelenge lililotoka lilikuwa dogo.

Sakafu ilitushinda mpaka magharibi. Kandambili za watoto zilibaki zimeganda uani, kila moja mahali ilipokanyaga mara ya mwisho, na ilibidi tumwage maji ya moto na kukwangua kwa upawa wa zamani.

Sufuria ya kijivu haikuwa na wa kuitaka. Wifi aliitazama akatokwa machozi, na si kwa ajili ya mkono. Mwanangu wa pili, aliye darasa la tano, akachota ubuyu kidogo kwenye sahani na kuukamulia ndimu, kwa dhana tu kwamba chochote kinavumilika kikiwa na ndimu. Ule ujivu ukachemka vipovu vidogo, na palipogusa ndimu pakarudi pekundu. Akapiga kelele. Tukakusanyika wote juu ya sahani moja, wifi naye akaomba kipande cha ndimu kwa mkono wake mzima. Rangi ya rosela hufuata uchachu: penye asidi huwa nyekundu, magadi yakiizidi asidi huelekea zambarau na ujivu, na ukirudisha asidi nayo hurudi. Povu lilikuwa hewa ya kabonidioksidi, inayotoka asidi ikikutana na magadi. Mtoto aliyaandika yote kwenye daftari la sayansi bila kuambiwa na mtu. Ubuyu wenyewe tuliutupa. Ulikuwa na ladha ya sabuni.

Sasa tunapika hivi: shira kwanza mpaka inate, maji ya rosela yaliyochemshwa yakabaki kidogo yanaingia mwishoni, kwa sababu moto mrefu huyafanya kahawia. Moto unapunguzwa, ubuyu unageuzwa bila kupumzika mpaka kila mbegu ivae, kisha unanyunyiziwa unga wa ubuyu na kutandazwa kwenye ungo. Hutoka mwekundu wa giza, usiong’aa. Kifungua mimba bado anasema rangi si yenyewe, na chupa ya ubuyu huisha kabla ya Jumatano. Mdogo wao hapewi, mbegu zisije zikamkaba.

Kidonda cha wifi kimepona. Wiki iliyopita amepiga simu, wana maulidi Korogwe na anataka kilo mbili za kugawa kwa watoto. Mama mkwe amemjibu kwamba hatumi kitu kwa basi: aje mwenyewe Alhamisi na mbegu zake, rosela ataikuta imeshachujwa, na mwiko atashika yeye.