Sifa za Mkato Mchafu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wakafunga shauri. Hakuna aliyekisimamisha kibaya njiani akakiuliza kinatembea kupeleka habari gani. Kwa kuwa wakili wake hajapatikana mpaka leo, nasimama mimi kumtetea mmoja wa ukoo huo: mkato mchafu wa akriliki. Nasema ule ukingo ulioganda ukungu mweupe, wenye ndevu upande wa chini, michirizi ya kusimama na doa jeusi penye kona, ambao kijana aliyeanza juzi kwenye mashine ya leza huusukumia chini ya meza akisikia bosi anapanda ngazi.

Waheshimiwa, msiucheke. Tuanze na nasaba, maana anayesifiwa hutajwa kwanza kwa wazazi wake.

Kwa upande wa mama, mkato mchafu ni uzao wa akriliki, na mama huyu amekaa na wakubwa. Kampuni ya Otto Röhm ya Darmstadt, Ujerumani, iliisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, na Waingereza wa ICI nao wakatoka na Perspex yao. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, ndiyo ikawa kioo cha chumba cha rubani kwenye ndege za kivita. Ndege zilipopigwa, vipande vyake viliingia machoni mwa marubani, na daktari wa macho Harold Ridley akaona jambo la ajabu: vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akapandikiza lenzi ya akriliki ndani ya jicho la binadamu kwa mara ya kwanza. Basi ukiokota kipisi kilichoungua, jua umeshika ndugu wa lenzi zilizowarudishia watu kuona. Kishike kwa mikono miwili.

Kwa upande wa baba kuna leza ya gesi ya kaboni dioksidi, aliyoibuni Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati, India, akiwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikrometa 10.6 na macho hayauoni. Hapo ndipo ndoa ilipofungiwa: shiti angavu unayoona kupitia kwake hadi upande wa pili, kwa mwanga huo ni ukuta. Inaumeza wote. Ndiyo maana vile vimashine vidogo vya mwanga wa buluu, vinavyouzwa kwa bei ya kutamanisha, hukata akriliki nyeusi bila shida, lakini ukiviwekea shiti angavu mwanga unapita moja kwa moja kwenda kuunguza meza. Katika ndoa hiyo hata mkato mchafu haupatikani, achilia mbali msafi.

Sasa sifa zenyewe. Ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni ukweli. Karakana ya leza ni mahali penye maneno mengi na ukweli mdogo. Skrini inakwambia nguvu ni asilimia 60. Asilimia 60 ya nini, ikiwa tyubu ya kioo inayotoa mwale huzeeka na kupungua nguvu mwaka hadi mwaka huku skrini ikiendelea kuandika namba zilezile za ujana? Muuza shiti anaapa ni ya milimita 3, ukiipima inasoma pungufu. Jirani wa duka la pili anakupa setingi zake kwa roho safi kabisa, ila tyubu yake ni ya wati 100 na yako ni ya wati 60, na lenzi yake ilifutwa asubuhi ilhali yako haijafutwa tangu ilipofungwa. Wote hao ni watu wema. Lakini anayesema kilichotokea ndani ya mashine yako, leo, kwa shiti hii, ni mkato mchafu peke yake.

Mkato msafi hausemi kitu. Mwale umepita, akriliki imepata joto ikarudi kuwa mvuke wa kimiminika ilichotengenezwa nacho (ndiyo ile harufu kali yenye utamu inayokaba koo), ngozi nyembamba ya ukingo ikayeyuka, ikatulia, ikaganda inang'aa bila kupigwa msasa wala rangi. Mzuri kweli. Ukiuuliza kwa nini umetoka mzuri, unanyamaza na uzuri wake. Kijana aliyebahatika kuupata siku ya kwanza hana alichojifunza, na siku ya pili ukimkataa hajui pa kushika.

Mchafu unaeleza mpaka unachoka wewe. Chukua ule wenye ukungu. Usimamishe chini ya taa, ugeuze polepole: uso wake umekwaruka mikwaruzo midogo midogo isiyo na mpangilio, hauna weusi wowote, na chini umekatika kabisa. Huo haulalamikii nguvu wala spidi, unalalamikia upepo. Kijana ametoka kukata mbao za plaiwudi, na kwenye plaiwudi alifundishwa kufungulia kompresa mpaka mwisho ili moshi uondoke na ukingo usiungue. Akaleta tabia hiyohiyo kwenye akriliki. Ngozi iliyoyeyuka haikupewa nafasi ya kutulia. Imepulizwa ikakunjamana, kama uji unaopulizwa ukiwa bado moto, ikaganda na makunyanzi yake. Dawa ni kupunguza hewa ibaki pumzi tu. Naomba nisisikike vibaya: nimesema kupunguza. Ukiifunga kabisa, mvuke utapanda kwenye lenzi, na ule mvuke unawaka.

Wenye ndevu una maneno mengine. Zile nyuzinyuzi na uvimbe wa upande wa chini zinasema joto lilikuwa jingi au mwendo ulikuwa wa kujivuta, na mara nyingi zinasema zaidi: kwamba shiti hiyo si ya aina uliyodhani. Akriliki huzaliwa kwa njia mbili. Kuna inayomiminwa kati ya vioo viwili ikagandia humo, na kuna inayosukumwa ikiwa laini na kupitishwa kwenye rola. Ya rola ni ya bei nafuu, unene wake ni sawasawa shiti nzima, inakatika kwa nguvu ndogo, lakini inayeyuka upesi na kuacha ndevu. Ya kumimina inatoa ukingo wa heshima na kuchongeka vizuri, ila unene wake huyumba: kona hii ya shiti ya futi nne kwa nane imekatika, kona ile imegoma, na kijana anailaumu mashine. Muuzaji ukimuuliza ni ipi kati ya hizo mbili atakujibu "hii ni orijino". Mwachie. Chonga herufi moja kwenye pembe ya shiti: ikitoka nyeupe ya kung'aa ni ya kumimina, ikibaki angavu, huioni vizuri, ni ya rola. Kazi ya dakika moja, na mkato mchafu ndio uliokutuma.

Michirizi ya kusimama inasema unakimbia mno, au mapigo ya leza yameachana mno, au mkanda umelegea na kichwa cha mashine kinatetemeka kwenye kona. Ukingo ulioinama, wenye upana huu juu na mwingine chini, unasema fokasi haiko mahali pake au kioo kimoja kati ya vitatu vinavyoelekeza mwale kimehama. Kwa lenzi ya kawaida ya inchi mbili hutakiwi kukisia: chukua kipimo, na shiti ikiwa nene shusha fokasi kidogo iingie ndani ya unene wake. Madoa yaliyotawanyika upande wa chini ni mwale uliogonga meza yenye matundu kama sega la nyuki ukarudi juu. Inyanyue shiti kwa pini au vipande vya urefu mmoja, na karatasi ya kinga ya upande wa chini iache mahali pake. Ikiwa kinga ni ya nailoni, ibandue, uweke ya karatasi, maana nailoni huyeyuka na kugandia ukingoni. Na ule wenye ngazi katikati umekushtaki wewe binafsi: hukukata mpaka chini, ukapitisha mara ya pili ukitumaini hakuna atakayeona. Ungepunguza mwendo ukapitisha mara moja.

Sifa ya pili: mkato mchafu unajua saa. Huku Pwani hili si dogo. Asubuhi kazi inakatika vizuri, saa nane mchana, kwa setingi zilezile, vipande vinang'ang'ania shiti. Kijana anafungua mashine, anafunga mashine, anaiwasha upya, anasema kuna mtu ana jicho baya. Kumbe ni maji. Tyubu ya kioo hupozwa kwa maji na hupenda yakae karibu na nyuzi 20, wakati lile boksi la bei ndogo la kupozea ni feni na rejeta tu; haliwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, na Februari ya Dar es Salaam chumba chenye bati kinapita nyuzi 30 bila kuhema. Tyubu ikipata joto, nguvu inashuka. Mwenye uwezo anunue mashine ya kupozea yenye kompresa, ila naye asijifanye wa Ulaya akayashusha maji mpaka tyubu itoke jasho kwa unyevu wa Pwani; jasho na umeme wa kilovolti kadhaa havikai nyumba moja.

Sifa ya tatu ni ya ulinzi, na watu huisahau. Fundi ambaye mikato yake inatoka vibaya hathubutu kuiacha mashine. Anainama, anachungulia, anasogea na kurudi. Yule ambaye kila kitu kinatoka kikimeremeta ndiye anayetoka nje kununua karanga, akakutana na rafiki, wakaanza mpira wa jana. Akriliki inaposhika moto haipigi kelele, na kijimwali kinachocheza juu ya mstari wa mkato kinaweza kuwa cha meza nzima kabla hadithi haijafika kipindi cha pili. Kwa hesabu hiyo mkato mchafu umeokoa karakana nyingi ambazo haziujui hata kwa salamu.

Tena ni mpole katika adhabu. Mkorofishe utakavyo, utaharibu kipisi tu. Mkato msafi una kisirani: kijana kaufurahia, kachukua kitambaa chenye spiriti aufute alama za vidole, na papo hapo ukingo unajaa nyufa ndogo ndogo kama hasira iliyokuwa inasubiri. Ndivyo ilivyo, kwa kuwa joto la leza huacha mvutano ndani ya ukingo na spiriti huufungulia mlango. Sabuni ya maji na kitambaa laini vinatosha.

Sifa zangu lakini zina mpaka, na mpaka huo unaitwa foreksi. Lile bao jeupe jepesi la mabango ni PVC, na pamoja na stika za vinili lina klorini ndani yake. Ukilikata kwa leza hutapata mkato mchafu wa kusifiwa. Utapata gesi ya asidi inayochoma mapafu na kuzitia kutu reli za mashine. Kipande kisichojulikana kipimwe kwanza nje, penye upepo: pasha moto waya wa shaba, uguse plastiki, urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, rudisha kipande hicho kilikotoka. Hata mimi, wakili wa vibaya, kesi hiyo siichukui.

Nirudi kwa mteja wangu. Wanaomdharau wazitazame zile taa za mezani za akriliki zenye jina la mtoto, zinazouzwa Kariakoo kila kukicha. Mwanga wa LED unaingia kwa chini, unasafiri ndani ya shiti ukidunda kwenye nyuso laini bila kutoka, mpaka ukutane na mahali leza ilipopakwaruza. Hapo ndipo unapotoka, na jina linawaka. Sehemu safi zote zimekaa gizani. Biashara nzima ya taa hizo inakula kwa mgongo wa mkwaruzo, na sijasikia mkwaruzo ukidai hisa.

Mafundi wakongwe walishalijua hili kimyakimya. Nilimkuta mmoja akikabidhi topa za keki kwa dada wa kamati ya harusi, ukingo wote umejaa ukungu wa upepo uliozidi. Dada akazigeuza taani, akakunja uso, akauliza mbona hazing'ai kwa pembeni. Fundi hakupepesa jicho: "Huo ni mtindo wa barafu, dada. Bei yake huwa iko juu kidogo, ila kwa vile ni wewe…" Dada akalipa akicheka. Wiki iliyofuata akarudi na oda ya mia moja, zote za barafu ileile, na sasa fundi anahangaika na bomba la kompresa, akitafuta namna ya kuukosea tena mkato kama alivyoukosea mara ya kwanza.